Watu Walioifundisha Mashine Hesabu ya Matriksi

Katika kitabu cha kale cha Wachina kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hisabati, kilichokusanywa zama za utawala wa Han na kuandikiwa sherehe na mwanachuoni Liu Hui mwaka 263, sura ya nane inafunguliwa na suala la nafaka ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama penye ghala wakati wa mavuno ataona lina maana: miganda mitatu ya nafaka bora, miwili ya nafaka ya kati na mmoja wa nafaka hafifu hutoa vipimo 39, miwili ya bora, mitatu ya kati na mmoja wa hafifu hutoa vipimo 34, mmoja wa bora, miwili ya kati na mitatu ya hafifu hutoa vipimo 26, je, mganda mmoja wa kila aina una vipimo vingapi? Mhasibu wa China hakuandika herufi wala alama. Alipanga vijiti juu ya ubao, kila sharti la suala likikaa katika safu yake ya wima, vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi, kisha akazidisha safu moja na kuitoa katika nyingine, akirudia na kurudia mpaka ikabaki safu yenye kisichojulikana kimoja tu. Na alipokwisha kukijua hicho alirudi nyuma, akavikamata vingine kimoja kimoja. Majibu ni vipimo tisa na robo, vinne na robo, na viwili na robo tatu, na mwenye shaka ayajaribu kwa kalamu.

Mpangilio ule wa vijiti ndio tunaouita leo matriksi. Msomaji aliyewahi kukaa kando ya bao la Kiswahili, lenye mistari minne ya mashimo manane manane, amekwisha kuliona umbo lake: kila shimo lina mahali pake, na kete hazisemi kitu mpaka ijulikane zimo katika shimo gani, vivyo hivyo kila namba ya matriksi hutambulikana kwa mstari wake na kwa safu yake, na ikihamishwa mahali hubadilika maana ingawa thamani yake ni ileile. Vekta nayo ni safu moja ya namba zilizopangwa kwa taratibu, kama yale majibu matatu ya nafaka yakiandikwa moja chini ya jingine.

Karne nyingi zilipita kabla ya Ulaya kufika hapo kwa njia yake yenyewe. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, katika kuhesabu mwendo wa sayari ndogo iitwayo Pallas, alieleza mnamo 1810 utaratibu wa kuondoa visivyojulikana kimoja baada ya kingine, nao unabeba jina lake mpaka leo ijapokuwa wale wa vijiti walikuwa wamemtangulia. Jina la matriksi lilitolewa na James Joseph Sylvester, Mwingereza, mwaka 1850, na mwaka 1858 rafiki yake Arthur Cayley, ambaye wakati huo alikuwa akila riziki yake kwa uwakili mjini London, alitoa risala iliyoweka kanuni za kujumlisha na kuzidisha matriksi kana kwamba kila matriksi ni namba moja. Akaonyesha humo jambo ambalo humshangaza kila mwanafunzi mara ya kwanza, kwamba matriksi mbili zikizidishwa kwa mpango mmoja hutoa jibu moja, na zikigeuziwa mpango aghalabu hutoa jingine.

Walakini risala nzuri haipunguzi uzito wa kazi. Kwa njia ya Gauss, milinganyo kumi yenye visivyojulikana kumi hudai kuzidisha na kugawanya zaidi ya mara 330. Milinganyo mia hudai zaidi ya mara 330,000. Na milinganyo elfu hudai zaidi ya mara milioni 330. Kijana wa kidato cha nne katika Tanzania hufundishwa matriksi ya mistari miwili na safu mbili, namna ya kuigeuza, na namna ya kuitumia kupata visivyojulikana viwili. Ni somo zuri, nami sitaki lipungue hata kidogo. Lakini mtu akiichukua njia ya determinanti inayopatikana kwa kupanua mstari kwa mstari, kama inavyofanywa darasani, akaipeleka kwenye milinganyo ishirini, atatakiwa ajumlishe mazao zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja, na umri wa wanadamu wote wa mtaa wake hautatosha. Hapo ndipo inapoanza tofauti ya kujua kwamba jibu lipo na kujua njia ya kulifikia, na ilimu hii ya pili ndiyo tunayoisimulia.

Hofu ya wataalamu wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini haikuwa wingi wa kazi peke yake. Mashine ya hesabu ya mezani huweka tarakimu kumi, basi. Zao likitoka na tarakimu ishirini, kumi za mkiani hukatwa, na kila mkato ni kosa dogo. Makosa maelfu madogo madogo yakipandana, nani atalidhamini jibu la mwisho? Mwaka 1943 Harold Hotelling, bingwa wa takwimu wa Marekani, alitoa makisio kwamba kosa laweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa. Kwa kadirio hilo, mwenye milinganyo 18 angeweza kupoteza tarakimu zake zote kumi, akabaki na karatasi iliyojaa namba zisizo na maana yoyote. Wengi waliosoma makisio yale waliamini kwamba njia ya Gauss haifai kwa hesabu kubwa, hata mashine ikiwa na kasi ya umeme.

Aliyewatoa watu katika hofu hii, kuliko mtu mwingine yeyote, ni James Hardy Wilkinson. Alizaliwa mwaka 1919 huko Strood katika jimbo la Kent, akasoma hisabati Trinity College, Cambridge, na Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alipelekwa kufanya hesabu za silaha. Huko aliwahi kupewa milinganyo 12 aitatue kwa mashine ya mezani. Akaitatua kwa njia ya Gauss kwa tarakimu kumi, akaona mwishoni tarakimu nyingi zimetoweka, akajiandaa kwa jibu bovu. Alipolirudisha jibu lake ndani ya milinganyo ya awali ili alipime, upande wa kushoto ulilingana na upande wa kulia mpaka desimali ya kumi. Aliona ni bahati. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alijiunga na Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, karibu na London, na huko akawekwa chini ya Alan Turing, ambaye alikuwa akichora ramani ya kompyuta iliyoitwa ACE. Haukupita muda mrefu ikaletwa milinganyo 18. Waliokaa kuitatua walikuwa Wilkinson, Leslie Fox, E. T. Goodwin na Turing mwenyewe. Na Wilkinson alieleza baadaye kwamba Turing hakuwa na shauku, kwa kuwa hakuwa fundi wa mashine za mezani, na kwa kuwa aliamini kazi ile itaharibika. Haikuharibika. Mambo yalijirudia kama yalivyokuwa wakati wa vita: tarakimu zilionekana kutoweka, na jibu liliporudishwa katika milinganyo liliketi sawasawa hadi desimali ya kumi.

Kitu kinachotokea mara mbili mbele ya watu makini hakiwezi tena kuitwa bahati. Turing alikwenda akafikiri, na mwaka 1948 akatoa makala juu ya makosa ya kukata tarakimu katika kazi za matriksi, ambamo alionyesha kwamba njia ya Gauss, ikitazamwa vizuri, ni kuipasua matriksi moja kuwa zao la matriksi mbili za pembetatu, na akaweka kipimo cha kujua matriksi gani ni tulivu na ipi ni tete. Mwaka uliotangulia, John von Neumann na Herman Goldstine, huko Marekani, walikuwa wametoa makala ndefu yenye nia hiyohiyo. Fikra iliyokamilisha jambo hata hivyo ni ya Wilkinson, naye aliifanyia kazi kwa miaka zaidi ya kumi mpaka ikakaa katika vitabu vyake viwili vya mwaka 1963 na mwaka 1965. Badala ya kuuliza jibu la mashine limepotoka umbali gani kutoka jibu la kweli, yeye aliuliza: jibu hili ni jibu kamili la suala gani? Akathibitisha kwamba, hesabu ikifanywa kwa tahadhari, jibu la mashine ni jibu kamili la suala lililo jirani kabisa ya suala lililoulizwa, jirani kiasi kwamba tofauti yake haizidi ile iliyomo katika vipimo vyenyewe. Mhandisi aliyepima urefu wa boriti akakosea unywele mmoja hana haki ya kuilaumu mashine iliyokosea nusu ya unywele.

Tahadhari niliyoitaja si neno la pambo, nami naomba msomaji avumilie mfano mmoja mdogo, kwa maana ndani yake imo siri ya kazi yote. Tuseme mashine yetu hushika tarakimu tatu tu za maana, na tumepewa milinganyo miwili: 0.0001 mara x, ongeza y, ni 1. Na x ongeza y ni 2. Ukweli ni kwamba x ni 1 na chembe, na y ni 1 kasoro chembe. Tukianza na mlinganyo wa kwanza kwa kuwa umetangulia kuandikwa, tutauzidisha kwa 10,000 na kuutoa katika wa pili. Itabaki hasi 9,999 mara y ni sawa na hasi 9,998. Mashine ya tarakimu tatu haiwezi kuona tofauti ya namba hizo mbili. Zote kwake ni hasi 10,000. Itasema y ni 1, jambo ambalo ni sawa; kisha itarudi kwenye mlinganyo wa kwanza na kusema x ni sifuri, jambo ambalo ni uongo mtupu. Sasa tuibadilishe nafasi milinganyo miwili, tuanze na ule wenye namba kubwa mbele ya x. Tutauzidisha kwa 0.0001 na kuutoa katika mwingine. Y itatoka 1, na x itatoka 1, na majibu yote mawili yatakuwa sahihi kwa kadiri mashine inavyoweza kuona. Namba ni zilezile na mashine ni ileile. Kilichobadilika ni mpango wa kazi tu. Programu njema ya njia ya Gauss, kabla haijagawanya kwa namba, huitafuta kwanza iliyo kubwa katika safu yake na kuipandisha juu.

Pamoja na hayo Wilkinson hakuwadanganya watu kwamba tahadhari hutibu kila ugonjwa, maana yako masuala ambayo ni maradhi yenyewe. Alitoa mfano wa mlinganyo mmoja wa daraja la ishirini ambao mizizi yake ni 1, 2, 3 na kuendelea hadi 20, mlinganyo usio na kosa machoni pa mtu. Namba yake mojawapo ni hasi 210. Ibadilishe namba hiyo kwa chini ya sehemu moja ya milioni nane, na mizizi kumi katika ile ishirini itaacha kuwa namba halisi kabisa. Hapo mashine haina hatia. Suala lenyewe halishikiki, na kazi ya mtaalamu ni kumwambia muulizaji hivyo kabla hajajenga daraja juu yake.

Turing aliondoka Teddington kabla kompyuta haijajengwa. Wenzake waliobaki waliunda iliyo ndogo, Pilot ACE, ambayo ilitenda kazi yake ya kwanza Mei 1950, ikiwa na vali 800 hivi na kumbukumbu iliyotunzwa kwa mawimbi ya sauti yaliyozunguka ndani ya mirija ya zebaki. Mwanzoni kumbukumbu hiyo ilibeba namba 128 tu, ilhali matriksi ya milinganyo 18 peke yake ina namba 324, mbali na maagizo ya programu. Kwa hiyo namba ziliingizwa na kutolewa kwa kadi zilizotobolewa matundu, na watu walisimama kando ya mashine wakipokea kadi upande mmoja na kuzirudisha upande mwingine. Waliofanya kazi ile waliyaona makosa yakikua na kupungua mbele ya macho yao, wakapata ujuzi ambao aliyekuja kuketi mbele ya mashine kubwa na kupokea jibu la mwisho tu hawezi kuupata.

Wakati huohuo kulikuwa na suala jingine gumu kuliko milinganyo. Matriksi yoyote yenye mistari na safu sawa ina namba fulani zinazofichua tabia yake ya ndani, ambazo wataalamu huziita thamani za aigeni. Ndizo zinazoeleza bawa la ndege litatikisika kwa mwendo gani na kama mtikisiko huo utatulia au utakua hadi ulivunje. John Francis, kijana Mwingereza aliyekuwa akishughulikia hesabu za namna hiyo, alitunga njia ya kuzitafuta ambayo iliandikwa katika makala zilizotoka mwaka 1961 na 1962, nayo ikajulikana kwa jina la QR. Na huko Leningrad mwanamke mmoja, Vera Kublanovskaya, aliifikia njia hiyo peke yake katika wakati uleule. Njia ya QR ikaenea kote. Katika mwaka 2000 ilihesabiwa miongoni mwa njia kumi bora za hesabu za karne ya ishirini nzima. Na Francis? Alikuwa ameacha uwanja ule mapema, akaenda kwenye kazi nyingine za kompyuta, na miaka zaidi ya arubaini ikapita pasipo yeye kujua kwamba ndege na madaraja ya dunia nzima yanapimwa kwa njia aliyoitunga ujanani. Mwaka 2007 Gene Golub wa Stanford, aliyekuwa akimtafuta, alimpata akiwa mzee aliyestaafu katika Uingereza, akampa habari. Naliona tukio hili kuwa mojawapo ya mazuri kabisa katika tarehe ya hisabati, maana Golub mwenyewe alifariki kabla mwaka ule haujaisha; lau angechelewa kidogo, shukrani ile pengine isingefika.

Kujua njia na kuwapa watu wote njia hiyo ni mambo mawili. Wilkinson na Christian Reinsch, wakishirikiana na wenzao wa Ulaya, walikusanya programu zao zilizoandikwa kwa lugha ya Algol katika kitabu cha mwaka 1971. Lakini Wamarekani wengi walitumia lugha ya Fortran, na programu nzuri ya Algol haikuwafaa kitu. Ndipo katika Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, kikaundwa kikundi cha kuzihamisha, kuzijaribu katika kompyuta za kila aina na kuzigawa kwa yeyote aliyezihitaji. Mkusanyo wa kwanza, EISPACK, ulioshughulikia thamani za aigeni, ulitoka mwaka 1972. Wa pili, LINPACK, wa milinganyo, ulikamilishwa mwaka 1979 kwa kazi ya Jack Dongarra, Jim Bunch, Cleve Moler na Pete Stewart. Wilkinson alikuwa akija Argonne kila mara, akiketi na vijana na kuwasimulia habari za Turing na za zebaki, na wale vijana walimpenda. Mwaka 1970 alikuwa amepewa Tuzo ya Turing, iliyobeba jina la mkubwa wake wa zamani ambaye hakuamini kwamba milinganyo 18 ingetatulika.

Sasa yuaja Moler, na pamoja naye yaja yale ambayo mtu wa leo huyaona ni desturi. Alizaliwa Salt Lake City mwaka 1939, akasoma Stanford chini ya George Forsythe, na miaka ya sabini alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Alitaka wanafunzi wake waonje EISPACK na LINPACK, lakini kila jaribio dogo lilimlazimu mwanafunzi aandike programu nzima ya Fortran, aipeleke itafsiriwe na mashine, angoje, apate jibu, kisha aanze tena. Muda wote ukaliwa na maandalizi, na matriksi yenyewe haikuonwa. Yako majaribio yaliyotangulia: Kenneth Iverson alikuwa ametunga lugha ya APL, iliyoelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1962, ambayo ilishughulika na jedwali zima la namba kwa alama moja, lakini alama zake zilikuwa ngeni na zilitaka kibodi yake ya pekee. Moler alisoma kitabu cha Niklaus Wirth ili ajifunze namna ya kuifanya mashine isome maneno ya mtu, kisha akajiandikia kwa Fortran programu ndogo yenye amri na vitendo visivyofika mia, ambayo kitu pekee ilichokijua ni matriksi. Vekta kwake ni matriksi ya safu moja. Namba tupu ni matriksi ya mstari mmoja na safu moja. Akaiita MATLAB, yaani maabara ya matriksi.

Lile suala la nafaka, kwa namna liandikwavyo leo katika programu hiyo, ni mistari mitatu:

A = [3 2 1; 2 3 1; 1 2 3]
b = [39; 34; 26]
A\b

Mtumiaji akibonyeza kitufe, majibu huonekana papo hapo moja chini ya jingine: 9.2500, 4.2500, 2.7500. Alama ya mkwaju uliolalia nyuma ndiyo inayobeba kazi yote. Moler aliichagua kwa sababu mkwaju wa kawaida ni wa kugawanya, na kwa kuwa katika matriksi kugawanya kutoka kushoto si sawa na kugawanya kutoka kulia, ilifaa pawe na mikwaju miwili inayotazamana. Nyuma ya alama ile ndogo, mashine huitafuta namba kubwa katika safu na kuipandisha juu kama tulivyoona. Huipasua matriksi kuwa pembetatu mbili kama Turing alivyoonyesha. Hushuka na pembetatu moja na kupanda na nyingine. Na matriksi ikiwa tete, huandika onyo kwamba jibu lisiaminiwe. Onyo hilo naliheshimu kuliko kasi yote. Programu inayojua mpaka wa ujuzi wake na ikamwambia mtumiaji wazi imefundishwa na watu wenye amana.

Moler hakufikiri kwamba ameunda bidhaa. Alipokwenda Stanford kufundisha mwaka 1979, aliitumia darasani. Wanafunzi wa hisabati na wa sayansi ya kompyuta hawakushangazwa, kwani hapakuwa na nadharia mpya ndani yake, lakini wanafunzi wa uhandisi, waliokuwa wakisoma mambo ya kuongoza mitambo na kuchambua mawimbi, mambo yaliyojaa matriksi tele, waliipokea kwa furaha kubwa. Kupitia kwao iliwafikia wenye viwanda, na ikamfikia mhandisi mmoja aitwaye Jack Little. Mwaka 1983 Little alimshauri Moler kwamba kompyuta ndogo za mezani zilizokuwa zimeingia sokoni zingeibeba. Little akaacha kazi, akanunua mashine, akajitenga katika vilima vya nyuma ya Stanford, akaiandika upya kwa lugha ya C pamoja na Steve Bangert. Mwaka 1984 waliunda kampuni ya MathWorks. Agizo la kwanza, la nakala kumi, lilitoka kwa Nick Trefethen wa MIT mwanzoni mwa mwaka 1985.

Biashara ile ilileta fedha na maendeleo, nayo ilileta pia mlango wenye kufuli. Mwanafunzi asiye na fedha, khususan wa nchi zetu, hakuweza kuinunua. Kwa hiyo wengine waliijenga njia nyingine kando yake. John Eaton alianza mwaka 1992 kuiandika Octave, programu ya bure inayosoma maandishi yaleyale. Na mwaka 1995 Jim Hugunin aliandika kifurushi cha Numeric kwa lugha ya Python, ambacho baada ya kugawanyika kwa watumiaji wake kiliunganishwa upya na Travis Oliphant kikawa NumPy, toleo lake la kwanza kamili likitoka mwaka 2006. Leo kijana mwenye kompyuta hafifu na intaneti ya kuungaunga aweza kuipata NumPy pasipo kutoa senti, na chombo atakachopata ndicho walichotumia wataalamu waliotengeneza picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani mwaka 2019. Jambo hili halikuwezekana kwa bahati. Liliwezekana kwa kuwa watu wa Argonne, waliolipwa kwa fedha za umma, walikuwa wamezitoa programu zao kwa umma. Na MATLAB na NumPy, ijapokuwa moja inauzwa na nyingine haiuzwi, zote zinapotatua milinganyo huita LAPACK, mkusanyo wa mwaka 1992 uliorithi EISPACK na LINPACK.

LAPACK iliandikwa kwa sababu mashine zilikuwa zimebadilika tabia. Kuzidisha kulikuwa kumekuwa rahisi, na ghali ikawa kuzileta namba kutoka katika kumbukumbu. Kwa hiyo njia ileile ya Gauss ilipangwa upya ili namba ikishaletwa itumiwe mara nyingi kabla haijarudishwa. Amri za msingi za kazi hiyo, zijulikanazo kwa jina la BLAS, zilianza kukubaliwa mwaka 1979 kwa vekta na vekta, kisha zikaongezwa za matriksi na vekta, kisha za matriksi na matriksi, na waundaji wa kompyuta huziandika wao wenyewe kwa kila mashine mpya, wakizinoa mpaka kasi ya mwisho.

Dongarra, tuliyemtaja katika LINPACK, alikuwa akijiandaa kuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari alipokwenda Argonne mwaka 1972 kwa muhula mmoja, na tangu hapo akabakia katika kazi hii. Katika kitabu cha maelezo ya LINPACK yeye na wenzake waliweka jedwali la muda uliotumiwa na kompyuta mbalimbali kutatua milinganyo 100. Jedwali lile likakua likawa mizani ya dunia, na tangu mwaka 1993 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote hupangwa kwa jaribio lililotokana nalo. Mwaka 2022 kompyuta Frontier ya Oak Ridge, Tennessee, ilivuka kwa mizani hiyo hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde, na mwaka huohuo Dongarra akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka 2021.

Na tazama, swali la Teddington limerudi. Mashine zilizoundwa kwa ajili ya akili bandia hupata kasi yake kwa kukata tarakimu nyingi zaidi, hata namba ikabaki na biti 16 tu, sawa na tarakimu tatu hivi, kama mashine ya mfano wetu. Kwa ajili ya mashine hizo limewekwa jaribio jipya la milinganyo, ambamo mashine huruhusiwa kuipasua matriksi kwa tarakimu hizo chache kwa haraka, kisha hutakiwa ilirudishe jibu ndani ya milinganyo ya awali, ipime kwa tarakimu nyingi tofauti iliyobaki, iitatue tofauti hiyo na kulisahihisha jibu, na irudie hivyo mpaka usahihi kamili upatikane. Kusahihisha kwa kurudia ni kazi ambayo Wilkinson alikuwa akiifanya tangu siku za ACE, na wanaoiandikia makala leo bado humtaja yeye kwanza.